Singo ya Sindano

Mnanichosha. Kila anayekuja kunijulia hali, hajamaliza kuvua viatu ameshasema, "Bibi, andika habari za Bi Mwanamvua," kana kwamba kalamu ni mwiko, mtu unaushika tu ukasonga. Herufi mimi nilizipata ukubwani, kwenye kisomo cha watu wazima, na hadi leo kila moja naitoa kama jino. Lakini habari hii nimeisikia ikisimuliwa Pangani, nimeisikia ikisimuliwa Mkwaja, na kote wanaisimulia kombo. Basi ngojeni niinyooshe, na mtu asinikatize.

Bi Mwanamvua binti Uweso wa Tongoni alikuwa somo. Mwali akitiwa ndani kungoja harusi, yeye ndiye aliyekabidhiwa. Alimfunza ya kufunzwa, akamlisha, akamsinga. Na kusinga huko ndiko kulikompa jina. Singo yake ilikuwa unga wa mchele uliolowekwa ukaanikwa kivulini, liwa, ule mti wa manukato, iliyosuguliwa juu ya jiwe, karafuu, asumini, maua ya mkadi, na kitu kimoja zaidi ambacho hajamwambia mtu mpaka leo. Msichana akisingwa kwa unga ule, taka zilimtoka kama nyuzi, ngozi ikabaki laini, na harufu yake ikafika barazani kabla yake mwenyewe.

Siri ya singo hiyo aliilinda kwa uongo. Ukimwuliza, "Bi Mwanamvua, humu umetia nini?" alikupa jibu jipya kila mara. Huyu alimwambia ni majivu ya kifuu, yule akamwambia ni maganda ya mayai ya kanga. Kuna mama mmoja alimwambia ni kokwa za ukwaju, naye masikini akaenda akazitwanga mpaka kinu kikapasuka. Bi Mwanamvua aliposikia alicheka hadi akaegemea ukuta.

Alikuwa na kanuni moja ambayo hakuivunja: mwali hapakwi kitu ambacho hakijapita kwanza mgongoni mwa Mselem. Mselem alikuwa mumewe, msuka dema za kutegea samaki, mtu wa maneno machache. Mgongo wake ulisingwa miaka yote ya ndoa yao. Wenzake walipomwona amevua shati ufukweni walimwita Bwana Harusi, hata alipokwisha kuota mvi kifuani. Yeye hakuudhika. Alisema kila mume ana mzigo wake, na wake unanukia.

Ikaja ile miaka ya vitu adimu. Waliokuwapo wanaikumbuka, na wasiokuwapo wasidhani tunatia chumvi. Sabuni ilikuwa ndoto, watu wanafulia majani ya mpapai. Mchele ukiupata unaupika umefunga mlango. Bi Mwanamvua akapanda gari hadi Tanga mjini, kwenye duka la Velji, alikonunua liwa tangu usichana wake. Akakuta rafu hazina kitu ila viberiti, na viwiko vya Velji mwenyewe juu ya meza.

"Velji, liwa."

"Hakuna, mama."

"Lini itakuja?"

"Mungu ndiye anajua, mama. Na mwenye meli."

Akarudi Tongoni mikono mitupu. Na huko ndiko alikokuta habari kwamba Mwinyijuma anamwoza binti yake, Saumu, kwa kijana wa Pangani.

Sasa Pangani palikuwa na Bi Tabu. Bi Tabu alikuwa shangazi wa huyo bwana harusi, naye pia somo, mwenye sauti ya kuita kivuko kutoka ng'ambo ya mto kikaja. Mwaka uliotangulia, katika shughuli moja, mbele ya wanawake wote, alisema, "Tongoni kumebaki magofu tu, na somo wao ni mojawapo." Maneno hayo yalimfikia Bi Mwanamvua kabla ngoma haijapoa. Aliyaweka moyoni.

Kwa hiyo mtaelewa. Saumu akitoka ndani ngozi imepauka, Bi Tabu atalisema hilo kuanzia Pangani hadi Mkwaja, na tangu siku hiyo kila mwenye binti Tongoni atampeleka Pangani. Bi Mwanamvua hakuwa na mtoto wala shamba la kujivunia. Alikuwa na usomo wake.

Jirani mmoja akamnong'oneza kwamba kuna unga wa pakiti unatoka Mombasa kwa njia za panya.

"Unanukia vizuri, Bi Mwanamvua."

"Unanukia jasho la mlanguzi. Mtoto wa Mwinyijuma nimpake kitu kilicholala porini?"

"Basi utampaka nini?"

"Nitajua mimi."

Hakujua. Aliketi uani anafikiri, na mbele yake Mselem anasugua sufuria iliyoungua. Sufuria ile ilikuwa nyeusi kama bomba la moshi la treni, lakini mkono wa Mselem ulipopita, nyeupe ikatoka nyuma yake kama mwezi.

"Unasugulia nini?"

"Sifongo."

"Sifongo gani?"

"Hili dude la baharini. Linanasa kwenye dema. Likikauka linasugua."

Bi Mwanamvua akalichukua. Jepesi, lina vitundu kama mkate ulioliwa na mchwa, na rangi yake ya manjano iliyoiva kama binzari. Akalinusa. Akaitazama sufuria. Kisha akamtazama Mselem kwa jicho ambalo Mselem alilifahamu, na bila kuambiwa akaanza kufungua vifungo vya shati.

"Likiwa bichi linawasha," akasema, mgongo ukiwa tayari.

"Hili kavu."

"Nakwambia tu."

"Wewe lete mgongo, maneno niachie mimi."

Akatwanga, akachekecha kwa kitambaa, ukatoka unga laini wa kupendeza. Akauchanganya na tui la nazi, kwa sababu nazi tu ndizo hazikuadimika, akatia asumini, akamsinga mumewe kutoka shingo hadi kiunoni. Akangoja.

"Wawasha?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Mke wangu, mgongo huu siku hizi hata mbu siwasikii."

Maneno hayo ya mwisho ndiyo angeyashika. Ngozi iliyosuguliwa miaka yote ile ilikwisha kuwa kama ngozi ya ngoma, ukiipiga inalia lakini yenyewe haisikii. Bi Mwanamvua alisikia "hapana" tu, akainuka kuchukua kopo, akaenda nalo kwa Mwinyijuma, alikowekwa mwali.

Saumu alikuwa msichana mpole, mnene wa mashavu, anayecheka haraka. Bi Mwanamvua akaanza na mikono, akashuka miguuni. Uso aliuacha wa mwisho, kama desturi yake. Na jamani, ngozi ile iliwaka! Damu ilipanda juu, mikono ikaiva kama embe dodo upande wa jua. Bi Mwanamvua akamgeuza huku, akamgeuza kule, moyoni anamwona Bi Tabu akikosa la kusema.

"Somo," akasema Saumu, "nawashwa."

"Mwali hawashwi."

"Somo, wallahi nawashwa."

"Damu inaamka. Tulia."

Saumu akatulia kadiri mtu anavyoweza kutulia juu ya siafu. Kisha akaanza kujikuna kwa ukucha, kisha kwa kucha zote, kisha akajisugua kwenye nguzo ya kitanda kama ng'ombe. Bi Mwanamvua alikuwa anafungua mdomo amkemee. Ndipo viganja vyake mwenyewe vikaamka.

Mwenye kiburi akiwashwa ni kitu cha kutazama. Hakujikuna. Alivikalia viganja vyote viwili, akanyoosha shingo, macho yakimtoka machozi, akasema, "Naona hali ya hewa imebadilika." Saumu, pamoja na mateso yake, akaangua kicheko. Hapo Bi Mwanamvua akajitanda kanga, akafunga kopo, akalitia kwapani, akatoka kwenda zahanati ya shamba la mkonge.

Zahanati hiyo mganga wake alikuwa Praxeda, binti wa wakata mkonge waliokuja zamani kutoka bara, Mkatoliki wa kwenda kanisani kila Jumapili, na mwenye heshima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nina jirani anawashwa."

"Pole yake. Mbona hakuja?"

"Ana haya."

"Amejipaka kitu?"

"Singo."

"Nani aliyeitengeneza?"

"Mjinga mmoja."

Praxeda akaitazama mikono ya Bi Mwanamvua, iliyokuwa inasuguana chini ya kanga kama paka wawili ndani ya gunia. Alichukua unga kidogo kutoka kwenye kopo, akautia juu ya kioo, akakiweka chini ya ile hadubini ya kupimia malaria. Akachungulia. Akainuka, akachungulia tena.

"Bibi, hebu njoo utazame."

Bi Mwanamvua akafumba jicho moja, akatia lingine. Mwanzo aliona kope zake mwenyewe. Kisha akaona sindano. Sindano tupu, nyeupe kama kioo, zimelaliana ovyo kama vijiti vya mkeka kabla havijasukwa. Nyingine zina ncha huku na huku, nyingine zimepinda kama ndoana, na moja ilikuwa na pembe kama nyota, nzuri ya kutiwa kwenye pete.

"Nani kazitia humu?" akauliza, na sauti yake ilikuwa imeshamdhania Bi Tabu.

"Hakuna aliyezitia. Ndiyo mifupa yake. Sifongo ni mnyama, bibi. Hana uti wa mgongo, hana ubavu. Mwili wake laini unasimama kwa visindano hivi. Ukimtwanga, nyama inakwisha, sindano zinabaki."

"Mnyama?"

"Mnyama."

"Astaghfirullahi! Nimempaka mwali mnyama!"

"Jirani yako ndiye aliyempaka," akasema Praxeda taratibu.

Wakatazamana. Bi Mwanamvua akavuta kigoda, akaketi, akaitoa mikono yake nje ya kanga, akainyoosha.

"Dawa."

"Zingevutwa kwa plasta ya kunata, lakini plasta sina, na mafuta ya muwasho sijaletewa. Ukizisugua ndio unazidi kuzizamisha. Kinatakiwa kitu cha kunata, ubandike, ubandue."

Bi Mwanamvua akainuka kabla mwenzake hajamaliza. Kubandika na kubandua ni kazi aliyoifanya maisha yake yote, maana mwali hunyolewa malaika, vile vinyweleo vya mwilini, kwa sukari iliyochemshwa na ndimu mpaka ikanata. Sukari ndiyo ilikuwa tatizo, na sukari ilikuwa nyumbani kwa Mwinyijuma. Alikuwa ameipata kwa kibali cha harusi, baada ya kusimama mbele ya kila mwenye muhuri, kwa ajili ya chai ya wageni.

Kwa Mwinyijuma alikuta sufuria kubwa, mkaa na furushi lenyewe la sukari. Hakuomba. Mwinyijuma alipoingia jikoni alikuta sukari yake inachemka.

"Bi Mwanamvua! Hiyo ya chai!"

"Unataka chai au unataka mkwe?"

"Vyote!"

"Chagua."

Mwinyijuma akachagua mkwe. Aliwaambia wanaume barazani kwamba sukari imekwama njiani, na mwaka ule hapakuwa na mtu ambaye angelitilia shaka neno hilo. Ndani, Bi Mwanamvua akambandika Saumu na kumbandua, mkono na mguu, Saumu akilia na kucheka pamoja, na kila kipande kilichotoka kilitoka na sindano zake. Mwisho akajibandika viganja vyake mwenyewe. Alipomaliza, sukari imekwisha, muwasho umekwisha, na msichana hana hata unyoya mmoja. Anang'aa kama bilauri iliyooshwa.

Kesho yake, baada ya alasiri, wanawake wa Pangani wakaja kumwona mwali na kuleta sanduku lake. Bi Tabu mbele. Alimshika Saumu mkono, akaupitisha ukucha kutoka kiwikoni hadi kifundoni akitafuta kosa. Akarudia mkono wa pili. Vigelegele vya wenzake vikapungua kidogo kidogo, wote wakimngoja aseme.

"Umempaka nini mtoto?" akauliza.

Hapo Bi Mwanamvua angejibu kokwa za ukwaju na mambo yangekwisha. Lakini kopo lilikuwa pale dirishani. Alikuwa amekusudia kwenda kulimwaga, ila mwaka ule mtu alimwaga kitu kwa shida. Na ingawa alimchukia Bi Tabu, hakuwa mwovu.

"Bi Tabu, leo nakwambia kweli. Ile si singo. Ni mnyama wa baharini, mwili wake una sindano. Usiiguse. Itakuwasha mpaka umwite mama yako."

Bi Tabu akacheka akageukia wenzake. "Mmemsikia? Mnyama! Mara ya mwisho ilikuwa maganda ya mayai ya kanga."

"Wallahi nakwambia."

"Umezeeka, dada yangu. Hata uongo wako sasa hauna chumvi."

Wanawake wakatoka kwenda uani kutazama vyombo. Bi Tabu akasema anatafuta kiatu chake. Alikitafuta muda mrefu.

Siku ya harusi, watu walikunywa chai isiyo na sukari, wakaitafunia tende na kuisifu kwa adabu. Nikaha ikafungwa. Wanawake wakajaa ndani, Saumu akatolewa, na nyumba ikanyamaza kwa jinsi alivyokuwa mzuri. Ila kona moja haikunyamaza. Kona hiyo kulikuwa kunasikika kitu kama panya anatafuna gunia. Ni Bi Tabu. Hakuishia mikononi. Alijipaka shingo, alijipaka mashavu, na kwa kuwa alijua yeye ni mkubwa kuliko mwali, alijipaka mara mbili. Uso ulikuwa umevimba, jicho moja limefumba, na kucha hazina pa kupumzika.

Akavumilia. Akaimba ubeti mmoja, akajikuna. Akaimba wa pili. Katikati ya wa tatu akaruka juu.

"Mwanamvua! Umenitia upupu!"

Ngoma ikakatika.

"Mimi nimekutia?" akauliza Bi Mwanamvua. "Lini?"

"Singo yako! Ile ya kwenye kopo!"

Aliposema hivyo akajisikia mwenyewe. Kila mtu alimsikia. Bibi mmoja wa Tongoni, asiye na jino, akauliza kwa upole, "Kopo lipi, mwanangu? Nani alikupa?"

Wanawake wakamtazama yeye, wakamtazama Saumu, ambaye amepakwa kitu kile kile na anang'aa hana hata alama. Kisha mmoja akasema, "Subhanallah. Singo inamjua mwizi."

"Hapana," akasema Bi Mwanamvua.

"Inamjua! Mwenye haki imempamba, mwizi imemchoma!"

"Nasema hapana! Nilikosea mimi. Ni mnyama wa baharini, hata Saumu aliwashwa, nimembandua kwa sukari. Hii chai mnayokunywa haina sukari kwa nini?"

Wakacheka hadi wengine wakakaa chini. Jinsi anavyoficha! Bi Mwanamvua akamwita Saumu ashuhudie. Lakini mwali siku hiyo hasemi, naye alifunika mdomo kwa mtandio, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Basi Bi Mwanamvua akamshika Bi Tabu mkono, akamtoa nje, akamtafutia utomvu wa fenesi, maana sukari haikuwapo. Ukimwuliza Bi Tabu yapi yalikuwa mabaya zaidi, sindano au kubanduliwa fenesi usoni, anasema hajaamua. Tangu siku hiyo hakutaja tena magofu.

Sasa mtu atasema Bi Mwanamvua alishinda. Ngoja.

Jina lake lilivuka mto. Wakaja watu wa Mkwaja, wakaja watu wa Tanga mjini, wote wanataka singo ya sindano. Kila mmoja, Bi Mwanamvua alimwambia kwamba ile ilikuwa kosa. Kila mmoja alikonyeza jicho. Miaka ikapita, ruksa ya biashara ikaingia, maduka yakajaa tena. Moiz, mwana wa Velji, akaleta liwa nzuri ya mafuta. Bi Mwanamvua akafurahi kama aliyerudishiwa mkono wake. Akaloweka mchele, akasugua liwa, akatia na kile kitu kisichotajwa, akatengeneza singo yake ya haki, ile aliyoijenga tangu ujana. Mama wa bibi harusi akaishika, akaisaga kwa vidole, akainusa.

"Nzuri," akasema. "Lakini si ile."

Akaenda kununua krimu ya bomba dukani. Wa pili akasema vivyo hivyo. Na wa tatu. Wengine walimwambia waziwazi kwamba amezeeka, mkono umesahau. Mselem tu ndiye aliyebaki, anavua shati bila kuambiwa na kusema, "Hii ndiyo." Lakini ushahidi wa mgongo ule mmeshaujua.

Yupo hadi leo, na akisikia neno sindano, hata ya kushonea, anatoka chumbani. Basi mimi nimeandika, vidole vinaniuma, na sasa ni zamu yenu. Wewe uliyesoma, panda gari uende Tongoni. Mwamkie kwanza. Kisha mtazame usoni umwambie kwa kinywa chako, "Bi Mwanamvua, ulikosea, nami nimeamini." Kosa lake hulikiri yeye, haambiwi na mtu; nakuapia, atakufukuza kwa ufagio. Nenda hivyo hivyo. Na akikufukuza, usikimbie kabla hujaagiza singo yake ya mchele.